Dirisha Namba Tatu

Saa sita usiku, Pasua, kifurushi cha usiku kimeanza.
Watoto wamelala. Mama Ritha wa chumba cha pili
amezima redio, na mimi
nina vyuo vitatu kwenye kioo chenye ufa
na daftari la hesabu la mwanangu; kurasa za nyuma
nimepiga mistari: Ada. Muda. Kutambuliwa. Mtihani.

Shahada ya uzamili, utawala wa umma, kwa njia ya mtandao.
Miaka kumi na moja masijala ya ardhi, hapa Moshi,
sijapanda kitu ila ngazi za jengo.
Vijana niliowafundisha kufunga faili kwa uzi
ndio wananisainia ruhusa.

Chuo cha kwanza kilijibu kabla sijamaliza kuuliza.
"Mpendwa Elirehema, hongera, umechaguliwa!"
Nimechaguliwaje? Cheti sijatuma.
Miezi tisa tu, hakuna mtihani, punguzo hadi Ijumaa.
Nikauliza: Tume ya Vyuo Vikuu inawatambua?
Wakanitumia picha ya wahitimu wakirusha kofia
juu ya majani ambayo hayajawahi kukosa maji.

Cha pili kizuri, kizuri kama Mlima alfajiri,
na kama Mlima kikavuta wingu
nilipofika kwenye ada.
Ningeuza ng'ombe, na ng'ombe sina;
ningekopa Saccos, na Saccos
bado inanidai bati za nyumba ya mama.

Cha tatu kilikaa kimya siku tisa.
Siku ya kumi akaandika mtu, mtu mwenye jina,
Bi. Tumsifu, ofisi ya udahili:
"Samahani kwa kuchelewa, niko peke yangu dirishani.
Miaka miwili, si chini. Mitihani ni ana kwa ana, Arusha,
mara mbili kwa mwaka, nauli ni yako.
Kama huna saa kumi na tano kwa wiki, ndugu yangu,
usilipe. Ada hairudi."

Nikaisoma mara tatu.
Hakuna aliyewahi kuniambia usilipe.

Ndipo nikaona ninachofanya:
nimekaa upande ule mwingine wa kioo,
karatasi mkononi, nampima karani.
Huyu ananiona? Huyu ananizungusha?
Atanijibu, au ni yule wa njoo kesho?

Na njoo kesho ni mimi.
Dirisha namba tatu, ghorofa ya kwanza,
saa nne na nusu bado nakunywa chai.
Bi. Ndeshukurwa wa Uru amekuja mara nne
kuulizia barua ya mpaka wa kihamba;
mara ya nne alikuja na kigoda chake.
Hakugomba. Alikaa akifuma kitambaa
mpaka tukafunga.
Faili lake halijapotea. Liko chini ya jingine.

Fomu inauliza: Kwa nini unataka kusoma programu hii?
Maneno mia tano.
Nimeandika "utawala bora", nikafuta.
"Kuchangia maendeleo ya taifa", nikafuta haraka,
kama mtu aliyekutwa nyumbani na muhuri wa ofisi.
"Daraja la mshahara": kweli tupu,
lakini haifiki mia tano.

Umeme ukakatika. Chumba kizima kikabaki kioo,
chaji asilimia kumi na nne.
Nikaandika: Kuna mama ana kigoda.
Mengine yakaja yenyewe, mengine hayakuja.
Nikalipa ada ya maombi, nikaingiza namba ya siri,
simu ikatetemeka kiganjani kama kifaranga.

Asubuhi, saa moja na nusu, nilikuwa masijala
kabla ya mfagizi.
Sijui kama watanichukua.
Nilinyanyua la juu, nikatoa la chini,
nikapuliza vumbi, nikatafuta kalamu inayoandika.
Ya nne ndiyo iliandika.